Programu zinagoma kufunguka baada ya umeme kukatika: je, nipige Windows?

SWALI: Habari za kazi fundi. Tuna kompyuta ya mezani hapa nyumbani, Windows 10, tunaitumia mimi, mume wangu na mwanetu aliye kidato cha pili. Wiki iliyopita umeme ulikatika ghafla nikiwa katikati ya kutengeneza kadi za mwaliko. Tangu siku hiyo programu ya kuhariri picha haifunguki. Nabofya mara mbili, kile kiduara kinazunguka kidogo, kinapotea, basi. Haitoi hata ujumbe. Mchezo wa mtoto nao unasema VCRUNTIME140.dll haipo. Word na Chrome zinafunguka kama kawaida. Kijana mmoja hapa mtaani anasema dawa ni kupiga Windows, yaani kuifuta na kuisakinisha upya, elfu ishirini, na vitu vyangu vyote vimo humo. Nifanyeje? Msomaji, Morogoro.

JIBU: Dada, huyo kijana mwambie asubiri kwanza. Word inafunguka, Chrome inafunguka, maana yake Windows yenyewe ni nzima kiasi cha kuweza kuzindua programu. Kila anayeniletea mashine yenye shida kama yako namuuliza hivi kabla hata hajaiweka mezani: imegoma moja, zimegoma kadhaa, au zimegoma zote? Zikigoma zote, nashuku mfumo au virusi. Ikigoma moja au mbili, kupiga Windows ni kubomoa nyumba kwa sababu ya kitasa cha mlango.

Na barua yako ukiisoma vizuri ina wagonjwa wawili. Mchezo wa mtoto umesema unachoumwa, huo tutautibu kwa dakika kumi. Programu ya picha ni bubu, na ndiyo yenye kazi, kwa hiyo nianze nayo.

Kwanza restati. Najua utasema umeshaizima na kuiwasha mara kumi. Tatizo ni kwamba tangu enzi za Windows 8, kwenye mashine nyingi ukibonyeza Shut down kompyuta haimwagi kila kitu. Inahifadhi sehemu ya ndani ya mfumo kwenye diski ili kesho iwake haraka, hivyo kilichopinda jana unakikuta kimepinda vilevile leo. Restart ndiyo inayoanza upya kweli. Watu wengi wamenilipa nauli ya kwenda kwao nikafanya hilo tu. Siku hizi nawaambia kwa simu, nakosa nauli, lakini nalala usingizi.

Umerestati, bado? Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ili Task Manager ifunguke, nenda sehemu ya Details, panga majina kwa alfabeti, halafu uiache wazi pembeni. Sasa bofya programu yako ya picha huku macho yako yakiwa kwenye ile orodha. Unatafuta jina lake lenye .exe mwishoni.

Jina likitokea na kubaki, lakini dirisha halionekani, programu imeshawaka na imekwama mahali. Mara nyingi kuna nakala yake ya awali iliyoganda nyuma, na hii mpya inaisubiri. Ziue zote kwa End task, fungua tena. Jina likichomoza sekunde moja kisha likayeyuka, programu inaanza halafu inaanguka, na hapo kuna ushahidi wa kufuatilia. Na lisipotokea kabisa, hata kwa kufumba na kufumbua, ujue programu haijaguswa: ama ikoni uliyobofya inaelekeza kwenye faili ambayo haipo tena, ama kuna mlinzi aliyeizuia mlangoni. Kwa unavyoeleza, kiduara kuzunguka kidogo kisha kupotea, nadhani ni lile la kuanza kisha kuanguka. Lakini hakikisha kwa macho yako.

Sasa ushahidi. Jambo ambalo vijana wengi wa kupiga Windows hawalijui, au wanalijua na hawana muda nalo, ni kwamba Windows inaandika karibu kila anguko. Bonyeza kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na R, andika perfmon /rel, bonyeza Enter. Utaona grafu ya siku za nyuma, na siku zilizokuwa na matatizo zina alama nyekundu ya X. Bofya siku ya leo. Chini itatokea orodha, tafuta jina la programu yako ya picha, fungua maelezo yake ya kiufundi. Usitishwe na maandishi. Mistari inayokuhusu ni miwili: Fault Module Name, yaani kipande gani hasa kilianguka, na Exception Code, yaani kilianguka kwa namna gani.

Huo mstari wa kwanza ndio wenye thamani. Ukisoma jina lenye nvoglv64 au ig9icd64, hivyo ni vipande vya draiva (programu inayoiwezesha Windows kuongea na kifaa) ya kadi ya picha, cha kwanza cha NVIDIA, cha pili cha Intel. Programu za picha hutegemea sana draiva hiyo, ndiyo maana Word, ambayo haihitaji makubwa, inafunguka huku yako inaanguka. Dawa yake ni kuweka draiva mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi. Au, kama shida ilianza baada ya Windows kujisasisha, rudisha ya zamani: Device Manager, Display adapters, bofya kulia jina la kadi, Properties, Driver, Roll Back Driver. Ukikuta ntdll.dll au KERNELBASE.dll, usizilaumu. Hizo ni kama uwanja wa mpira: kila mchezaji anaangukia hapo, uwanja hauna kosa. Na kama kipande kilichoanguka ni cha programu yenyewe, na namba ni 0xc0000005, programu imejaribu kugusa sehemu ya memori isiyo yake. Hilo hutokea kwa sababu nyingi, lakini likianza siku ileile umeme ulipokatika, mimi naangalia kwanza faili zake za mipangilio.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo ninapowekea dau langu.

Umeme ulipokatika, programu ilikuwa wazi na wewe uko kazini. Programu ya aina hiyo haikai kimya: kila mara inaandika faili ndogondogo za kumbukumbu, brashi uliyotumia mwisho, picha ulizofungua karibuni, madirisha yamekaa wapi. NTFS, mfumo ambao Windows hutumia kupanga diski, una daftari lake la kujilinda, kwa hiyo umeme ukikatika majina ya faili na folda kwa kawaida hubaki salama. Yaliyomo ndani ya faili iliyokuwa ikiandikwa sekunde ile, hayo hauyachungi. Unaweza kuikuta faili ina jina lake na ukubwa wake uleule, ukiichungulia ndani ni sifuri tupu. Programu inapoamka asubuhi inaisoma hiyo faili, haielewi, inakufa. Haikuwahi hata kufika hatua ya kuchora dirisha, ndiyo maana huoni ujumbe. (Na Luku ikiisha katikati ya kazi, kwa diski ni yaleyale. Haijui kwamba safari hii kosa ni la mwenye nyumba.)

Hii inaeleza pia kwa nini watu huondoa programu, wanaisakinisha upya mara tatu, na inagoma mara tatu. Kuondoa programu kwa kawaida huondoa programu tu. Mipangilio yako inaachwa ilipo, kwenye folda yako binafsi, ili ukirudi uikute. Kwa hiyo ile faili mbovu inakusubiri palepale.

Fanya hivi. Hakikisha programu haipo kwenye Task Manager. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika %appdata%, Enter. Utaona folda nyingi zenye majina ya programu. Tafuta ya programu yako. Kama ni GIMP, kwa mfano, folda inaitwa GIMP na ndani yake kuna nyingine yenye namba ya toleo, kama 2.10. Usifute kitu. Badilisha jina tu, iite 2.10-zamani, kisha fungua programu. Ikikosa folda yake itajitengenezea mpya, na ikifunguka, umemjua mwizi. Utapoteza mpangilio wa madirisha na pengine brashi ulizoongeza, ambazo unaweza kuzichukua mojamoja kutoka kwenye folda ya zamani. Kadi zako ulizohifadhi hazimo humo, hazitaguswa. Usipoiona folda hapo, jaribu pia %localappdata%, maana programu nyingine huficha vitu vyao huko.

Kuna njia ya kuhakiki bila kubadilisha chochote: mnatumia watu watatu, je, kila mmoja ana akaunti yake ya kuingilia? Kama mumeo ana yake, ingia kwa jina lake ujaribu programu. Ikifunguka kwake na kugoma kwako, tatizo liko kwenye mipangilio yako, na nilichosema hapo juu kinathibitika. Ikigoma kote, tatizo liko kwenye programu yenyewe, draiva au mfumo. Kama wote mnaingilia akaunti moja, tengeneza ya majaribio kwenye Settings, sehemu ya Accounts. Na mkimaliza, kwa ushauri wa bure, mpeni mtoto yake isiyo na mamlaka ya kusakinisha vitu.

Ambayo inanipeleka kwenye mchezo wake.

VCRUNTIME140.dll ni kipande cha kifurushi cha Microsoft kiitwacho Visual C++ Redistributable. Watengenezaji wa programu hawaandiki kila kitu kutoka mwanzo, hutegemea kifurushi hicho kiwepo kwenye mashine yako. Kisipokuwepo, programu inagoma na kutaja jina la kinachokosekana. Umeme sidhani kama unahusika hapa. Nikikisia, mchezo umesakinishwa bila kifurushi chake, au kuna mtu alipita kwenye orodha ya programu akaona "Microsoft Visual C++" imejirudia mara sita au nane, 2008, 2010, 2012, 2013 na kuendelea, akadhani ni takataka, akafagia. Kila moja ina kizazi chake cha programu kinachoitegemea. Ziacheni.

Usiende kwenye tovuti zinazogawa faili za dll mojamoja. Ukitafuta jina la faili hiyo kwenye Google zitakuwa za kwanza kukupungia mkono. Hujui nani ameiweka, hujui ndani yake kuna nini, na hata ikiwa salama yaweza kuwa ya toleo lisilooana na wenzake. Pakua kifurushi kizima kutoka Microsoft wenyewe, kile cha 2015 na kuendelea. Chukua vyote viwili, vc_redist.x64.exe na vc_redist.x86.exe, hata kama Windows yako ni ya biti 64, kwa sababu mchezo wenyewe waweza kuwa wa biti 32 na hautatazama mashine yako ni ya ngapi. Vyote kwa pamoja havifiki MB 50, kwa hiyo bando si kisingizio. Sakinisha, restati, jaribu.

Wale wanaonakili dll kwa mkono hukwama mahali pa kuchekesha. Kwenye Windows ya biti 64, folda iitwayo System32 ndiyo yenye faili za biti 64, na SysWOW64 ndiyo yenye za biti 32. Ndiyo, umesoma sawa. Mtu anaweka faili kwa kufuata jina, anaweka ya biti 32 mahali pa 64, na ujumbe wa kwanza unageuka kuwa 0xc000007b, ambao maana yake kwa kawaida ni hiyohiyo: vipande vya biti 32 na 64 vimechanganywa. Ukiuona ujumbe huo kwenye mashine iliyopita kwa "fundi", uliza alinakili nini.

Turudi kwa bubu. Niulize jambo, na silengi kukutia aibu: hiyo programu ya picha uliinunua, ni ya bure, au uliwekewa? Kwa sababu kama uliwekewa ikiwa imekrakiwa, huenda Windows Defender imejisasisha wiki hiyohiyo, ikatambua faili iliyochakachuliwa, ikaiweka karantini bila wewe kuona. Dalili yake ni kama yako, au jina kutokuonekana kabisa kwenye Task Manager. Fungua Windows Security, Virus & threat protection, kisha Protection history, utaona kilichozuiwa na tarehe yake. Wengi wanachofanya ni kuirudisha na kuzima ulinzi. Mimi sifanyi hivyo kwenye mashine yenye nyaraka za familia. Kwa kadi za mwaliko, GIMP na Inkscape ni za bure na zinatosha kabisa. Wiki mbili za kuzizoea utakuwa umesahau.

Ikiwa vyote hivi havijasaidia, ndipo naitazama diski na mfumo, na hapa mpangilio una maana. Kwanza kabisa nakili vitu vyako kwenye diski ya nje au flashi. Kadi, picha, nyaraka za mumeo, kazi za mtoto. Diski iliyopigwa na umeme yaweza kuwa inakufa taratibu, na ukaguzi mzito ndio unaoimalizia. Kisha pakua CrystalDiskInfo, ya bure, uone inasema nini. Ikiandika Good, endelea. Ikiandika Caution au Bad, ishia hapo, nunua diski nyingine, na hapo hiyo elfu ishirini ya kijana itakuwa na kazi.

Diski ikiwa nzima, andika cmd kwenye sehemu ya kutafuta, bofya kulia, chagua Run as administrator. Kwenye kidirisha cheusi andika chkdsk C: /scan, inayokagua mpangilio wa faili kwenye diski. Kikiisha, andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth. Huyu anahitaji intaneti, anachota vipande vizima kutoka Windows Update, na hupenda kusimama kwenye asilimia ileile muda mrefu kama aliyesahaulika, mwache. Halafu sfc /scannow, inayolinganisha faili za mfumo na nakala safi na kurudisha zilizoharibika. Watu huanza na sfc, lakini kama ile nakala safi nayo imeharibika, sfc haina pa kuchota, ndiyo maana DISM hutangulia. Ujue pia kwamba sfc inalinda faili za Windows tu. Programu yako ya picha haiijui, na VCRUNTIME140 haitairudisha. Nimeona watu wakiiendesha mara tano kwa ajili ya faili isiyo yake.

Virusi nimeviweka mwisho kwa sababu dalili zako hazifanani navyo. Ungeniambia folda za kwenye flashi zimegeuka njia za mkato, au programu ya kuua virusi ndiyo pekee inayogoma kufunguka, ningeanza huko. Hilo la pili hasa ni saini yao.

Kitu kimoja kidogo cha kutazama, sekunde tatu tu: tarehe kwenye pembe ya chini ya skrini. Nacheka sasa, lakini miaka ya nyuma nililetewa mashine ya mwenye duka, programu yake ya hesabu inafunguka na kujifunga. Nikapiga Windows jioni ileile, nikajisifu. Baada ya siku mbili akarudi, ugonjwa uleule. Ndipo nikaona mashine inadhani tuko mwaka 2009. Ile betri ndogo ya mviringo kwenye ubao mama, CR2032, ilikuwa imekufa. Kila akichomoa waya tarehe inarudi nyuma, na leseni ya programu ikiona siku yake haijafika inakataa kufunguka. Betri ile ni ya bei ya soda. Nilimrudishia pesa yake, ila kulikuwa na folda ya picha aliyoiweka moja kwa moja kwenye C, nje ya Documents, ambayo sikuinakili. Hiyo sikuweza kumrudishia.

Je, kuna wakati wa kupiga Windows? Upo. DISM ikishindwa kurekebisha na hitilafu zikazidi kuenea kwa programu nyingine, au virusi vikiwa vimeshika kila kona, mimi mwenyewe napiga na sibishani. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, siku mkiamua kupiga, pima kwanza kama mashine inakidhi Windows 11, ambayo inataka TPM 2.0 (kipengele cha usalama ndani ya mashine) na RAM isiyopungua GB 4, badala ya kulipia kurudi palepale. Akija kijana, simama naye, mwonyeshe kwa kidole kila folda yenye vitu vyenu, na uifungue nakala kwenye diski ya nje kabla hajagusa chochote.

Lakini kwa leo anza na ile folda ya %appdata%. Ikigoma, niandikie mambo mawili: hiyo Fault Module Name kama ilivyo, herufi kwa herufi, na tarehe ya X ya kwanza nyekundu kwenye grafu. Ikiwa X hiyo ilitangulia siku umeme ulipokatika, basi wote wawili tumekuwa tukimsingizia umeme, na nitakuwa na maswali mengine ya kukuuliza.